Mbwa wa Masaki na Sindano Niliyokatazwa

Kwetu kuna sheria moja isiyo na rufaa: mimi sichanjwi. Aliyeipitisha ni mama yangu, mkulima wa mihogo na korosho huko Masaki, Kisarawe, mwanamke ambaye akisema amesema. Wahudumu wa afya wakipita mtaani kwangu Picha ya Ndege, Kibaha, na maboksi yao ya baridi, mama naye akawa amenitembelea, anawahi mlangoni kabla yangu. "Huyu hachanjwi," anawaambia, kama vile anawaeleza kwamba huyu hali pilipili. Mimi nimesimama nyuma yake, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mtumishi wa serikali mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, mke wa mtu, nimenyamaza kama mtoto anayenunuliwa viatu.

Sheria hiyo ina sababu, na sababu yenyewe si ya kijinga. Ndiyo maana inaniudhi zaidi.

Wakati wa korona nilichanjwa kama watumishi wenzangu. Wiki kadhaa baadaye kope ya jicho la kushoto ikaanza kushuka. Asubuhi iko sawa, ikifika alasiri imelala. Kazini wakawa wananitania, eti mume wako hakuachi ulale. Nikacheka nao. Kisha nikaanza kuona vitu viwili viwili. Siku moja nilimimina chai kwenye kikombe ambacho hakikuwepo, nikajiunguza paja. Kisha sauti ikahamia puani. Kisha nyama: natafuna vizuri, nikifika katikati taya linagoma, inabidi nilisukume kwa mkono kama droo iliyokwama. Na mwisho ikawa pumzi. Hiyo sitaki kuisimulia kwa urefu. Nilipelekwa mjini, nikawekewa mpira kooni, mashine ikanipumulia, na mama yangu akakaa pembeni ya kitanda akinitazama nisiyeweza hata kumwamkia shikamoo.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kizungu. Nyumbani tunauita ugonjwa wa kulegea, inatosha. Daktari alinieleza hivi: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kumpiga adui, imegeuka inapapiga pale mshipa wa fahamu unapoukabidhi msuli ujumbe. Ujumbe unatumwa, msuli hausikii. Kosa langu? Hakuna. Inatokea tu kwa watu, akasema.

Mama alimuuliza swali moja: "Ni ile sindano?"

Daktari, mtu mkweli kuliko nilivyotaka siku ile, akasema hawezi kusema ndiyo, wala hawezi kuapa kwamba siyo. Kabla ya kulazwa nilikuwa nimeugua mafua makali pia, na mafua peke yake yanatosha kuuamsha ugonjwa wa aina hii. Tena huenda ulikuwa umejilalia mwilini miaka mingi. Akaeleza vizuri, kwa upole, na mama akaitikia kwa kichwa muda wote. Alichoondoka nacho ni kimoja: hawezi kuapa kwamba siyo.

Basi nikarudi Picha ya Ndege na mfuko wa vidonge. Vingine vinausaidia msuli usikie, vingine vinaituliza ile kinga iliyogeuka. Na kinga ikitulizwa, haichagui. Inatulia kwa kila kitu. Mtu akipiga chafya kule barabara ya lami, mimi naugua huku ndani. Daktari akanieleza tena, na hapa nilimsikiliza kwa makini: zipo chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, hizo nikae nazo mbali maadamu natumia vidonge hivi. Lakini zipo nyingine zilizotengenezwa kwa vimelea vilivyokufa, na mfu hafufuki akakuambukiza. Hizo, akasema, mtu kama mimi ndiye anayezihitaji hasa, kwa sababu homa moja mbaya inaweza kunirudisha kwenye mashine.

Mama akasema hapana. Na mimi? Mimi nilipandisha mabega. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nazijua hoja za daktari kwa kichwa, ila mkono wangu ulikuwa haujazisikia.

Kilichobaki ni kufungiwa. Kwetu Uzaramo msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali, hatoki hovyo wala haonwi hovyo, mpaka siku ya kutolewa ambapo ngoma zinapigwa na watu wanakula. Niliwekwa ndani hivyo nilipokuwa binti, na kusema kweli nilifurahia, maana nilijua kuna mwisho. Sasa mama akaja Kibaha na mkeka wake, akaniweka ndani mara ya pili. Wageni wanahojiwa mlangoni: unakohoa? Nyumbani kwako nani anakohoa? Jirani aliyeniletea maembe aliyaacha kizingitini akaondoka kinyumenyume. Likizo ya ugonjwa ikaongezwa, ikaongezwa tena. Nikawa nakaa dirishani nahesabu malori ya kwenda bara mpaka kope inashuka. Safari hii hakuna mtu aliyekuwa anaandaa ngoma.

Mume wangu alikuwa upande wa daktari, lakini upande huo alikuwa nao chumbani tu. Ni mtu wa bara, naye humheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Usiku ananinong'oneza, "Mke wangu, kachanjwe, tutaishi hivi mpaka lini?" Asubuhi sebuleni mama anasema huyu hachanjwi, na yeye anaitikia, "Sawa, mama." Nilikuwa natamani kumrushia sahani.

Msimu wa korosho mwaka jana mafua yakaingia Kibaha, kila nyumba inakohoa. Mume wangu alikuwa na safari ya kikazi Dodoma. Mama akasema, "Funga nguo zako. Twende Masaki. Kule hakuna watu wa kukukoholea." Kweli, Masaki watu wako mbalimbali. Kuna mihogo, kuna mikorosho, kuna matanuri ya mkaa yanayofuka kwa mbali, na pikipiki moja moja. Nikaenda. Nilikimbizwa chafya za watu, nikapelekwa kwa mbwa.

Ilikuwa alasiri. Tulikuwa tunaokota korosho, mama mbele yangu kidogo, mimi nimekaa chini maana miguu ilishaanza kuchoka, nazitenganisha na mabibo yake. Mbwa alitokea kwenye mihogo. Hakubweka. Hilo ndilo ninalolikumbuka, ule ukimya wake. Alikuwa anatembea upandeupande, mdomo umelegea, mate yananing'inia. Nikasema moyoni, maskini, mwenzangu, naye taya linamgomea. Kabla sijamaliza kumhurumia akanikamata kwenye shavu la mguu.

Nilipiga kelele, na sauti yenyewe ikatokea puani. Mama alikuja mbio na fimbo ya kuangulia. Akampiga, mbwa hakuniachia. Akatupa fimbo, akaingiza mikono, akamvuta kwa shingo kama anavyovuta mhogo uliogoma. Mbwa akaachia, akayumba, akaingia kwenye mihogo, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena.

Mama yangu anajua vidonda. Alinikokota mpaka uani, akanimwagia maji kwa sabuni ya mche, akasugua, akamwaga tena, pipa likafika katikati. Nililia kama mtoto. Kisha akanifunga kitambaa cha khanga safi, akasema, "Mbwa mkali tu huyo. Ana njaa." Nilichukua simu nikampigia daktari wangu, nikaiweka sauti ya juu ili mama naye asikie, maana nilijua nikimsimulia baadaye ataniambia nimeongeza chumvi.

Daktari aliuliza mbwa alikuwaje. Nikamweleza. Akasema nioshe tena kwa sabuni na maji mengi, halafu niende kituoni siku hiyo hiyo, nisisubiri.

"Na ugonjwa wangu?" nikamuuliza.

"Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya virusi vilivyokufa," akasema. "Zamani zilikuwepo nyingine, zinatengenezwa kwa ubongo wa wanyama, hizo zilikuwa zinawaletea baadhi ya watu matatizo ya mishipa ya fahamu. Ndizo zilizoacha jina baya. Hizi za sasa ni kitu kingine."

"Kwa hiyo haiwezi kunilegeza?"

"Sitakuapia. Unanijua. Lakini sikiliza: ukilegea, dawa ninazo, mashine ipo, tulishakutoa huko mara moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, sina dawa. Hakuna daktari mwenye dawa. Hapa hatupimi hatari mbili, dada yangu. Hatari ni moja." Akaongeza kwamba vidonge vyangu vinaweza kuipunguza nguvu chanjo, kwa hiyo niwaambie kituoni, wanichome pia sindano nyingine, ya kinga iliyotengenezwa tayari, kwenye kidonda chenyewe, nisikose dozi hata moja, na vidonge vyenyewe nisiviache.

Nilipokata simu mama alikuwa anakunja mkeka. "Huyo," akasema, "ni yule yule aliyeshindwa kuapa mwanzo. Na leo kashindwa tena."

"Mama, umesikia alichosema kuhusu dalili?"

"Nimesikia. Nami nilikuona na mpira kooni, yeye akaenda kula chakula chake cha mchana. Huchomwi."

Nje pikipiki ikasimama. Jirani yetu, mtu wa makamo anayebeba abiria, alikuwa amesikia kelele zangu akaja kunichukua bila kuitwa. Mama akatoka, mikono ndani ya khanga. "Zima pikipiki yako," akamwambia. "Hapa hakuna mgonjwa." Yule mtu akanitazama mimi nimekaa barazani na mguu umefungwa, damu imetokeza kwenye kitambaa. Akazima. Kisha akaona aibu ya kukaa na pikipiki iliyozimwa, akaiwasha tena akaondoka.

Hapo ndipo mama alipolitoa lile neno. Alilisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ukichomwa sindano ile, radhi yangu usiitafute."

Asiyelelewa kwetu anaweza kudhani hayo ni maneno tu. Siyo maneno. Mtu anaweza kuwa na shahada, nyumba na gari, akikosa radhi ya mama wote wanajua kwamba kila atakachoshika kitamomonyoka. Nimewaona wanaume wazima wamepiga magoti mbele ya kitanda cha mama anayekata roho wakiiomba. Basi nilikuwa nimekaa hapo: mbele yangu kifo, nyuma yangu mashine, na mlangoni mama na radhi yake. Miguu imelegea, siwezi kutembea hata mpaka njia panda. Nilitaka kupasuka.

Na niseme lote. Ningeweza kumwita yule jirani arudi, namba yake ninayo. Ningeweza kumpigia mume wangu, akapiga kelele, akamtuma mtu. Sikufanya. Ndani yangu alikuwepo mtu aliyefurahi kukatazwa. Mama akisema huchomwi, basi si mimi ninayeogopa, ni mama. Mume wangu alipopiga baada ya magharibi nilimwambia nipo salama, nimechoka tu. Akasema lala, mke wangu. Nikalala, au nilifumba macho.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mama akasema amefunga. Anafunga sunna mara kwa mara, sikushangaa, ila jana yake jioni pia alisema hana njaa. Akaniomba nitwange kisamvu mimi. Mimi! Mtu ambaye tangu niugue hataki nishike hata ufagio. Nikatwanga kwa kupumzikapumzika, namtazama. Alikuwa amejifunika khanga jua kali, mkono wa kulia haumtoki ndani. Alifungua mlango kwa kushoto. Alipokea salamu ya mpita njia kwa kichwa. Nilimtazama hivyo asubuhi nzima na bado sikuelewa, kwa sababu mtu aliyejaa hofu yake mwenyewe haoni ya mwenzake.

Adhuhuri akaenda kutawadha. Za usiku na alfajiri alizitawadhia gizani, lakini swala ya mchana haina ujanja: mkono lazima utoke. Aligeuka ukutani, akamimina maji, na nikamsikia anavuta pumzi kwa meno. Nikainuka, nikaenda hivyo hivyo nikichechemea, nikaushika ule mkono kabla hajaurudisha. Kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, matundu mawili ya meno, yamevimba.

Sikumbuki vizuri nilianza na neno gani. Najua nilimjia juu mama yangu mzazi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na kuku wote walikimbia.

"Tangu jana! Umeumwa tangu jana, umenisafisha mimi, wewe umejifunga khanga! Ulitaka nini? Ulitaka nikuone unabweka ndiyo nijue?"

"Punguza sauti. Mtu na udhu wake."

"Udhu! Mama, mbwa yule alikuwa na kichaa!"

"Mbwa mkali tu. Ana njaa."

"Basi twende kituoni ukachomwe. Wewe hujawahi kulegea. Wewe huna ugonjwa wowote. Wewe unakataa nini?"

Akanitazama. "Mie nichomwe, na wewe?"

Kweli, ningemwambiaje achomwe sindano ninayoikimbia mimi? Kwa mdomo upi? Tulisimama pale maji yanamtiririka mkononi, na ile hofu yangu niliyokuwa nimeificha nyuma ya gauni lake ikabaki wazi haina pa kwenda. Kope ilikuwa inashuka na ilikuwa bado mchana.

"Mimi nakwenda kuchomwa," nikasema. "Radhi utanipa au hutanipa, nitaiomba nikiwa hai."

Mama alimaliza udhu wake, akaswali, akakaa sana kwenye mswala. Nilishampigia jirani. Pikipiki iliporudi, mama akatoka amevaa viatu.

"Kama unakwenda," akasema, "nianze mie."

Tulipanda mshikaki, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia yeye, mchanga wa Masaki unatuyumbisha, na jirani yetu hakuthubutu kusema neno hata moja njia nzima mpaka Kisarawe mjini. Kituoni nesi alitusikiliza, akanyanyua nyusi. Nilimtajia ugonjwa wangu na vidonge vyangu vyote. Akampigia daktari wangu wakazungumza, akarudi akasema sawa, mimi nitapata na ile kinga ya tayari, mama naye pia kwa sababu kidonda chake kiko mkononi. Akaniita nianze, maana jeraha langu lilikuwa kubwa.

"Nianze mie," mama akasema.

"Mama, huyu ndiye..."

"Nianze mie, ama sivyo tuondoke wote."

Nesi akanitazama, nikamwonyesha kwa macho, mwache. Akachomwa. Akakaa kwenye benchi, akakunja na kukunjua vidole, akapumua kwa nguvu, akatoa ulimi kama anaupima, akafumba macho akayafumbua. Mimi nangoja na mkono wazi. Foleni inangoja. Kila nesi alipotaka kunisogelea, mama aliinua kidole: bado. Nilikuwa nachemka. Nikajisemea, ukaidi huu wa mwanamke huyu, hata hapa lazima aonekane mkubwa. Mwishowe akasema, "Haya," na mimi nikachomwa.

Dozi zilizofuata tulichomwa Kibaha, kituo kilicho upande wa Tangini, kwa sababu nilimhamishia mama kwangu. Sasa mimi ndiye niliyemweka ndani. Alitaka kurudi kwa korosho zake, nikamwambia hakuna kutoka mpaka dozi ziishe. Akasema nimekuwa dikteta. Wiki zile zilikuwa ndefu. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba, tunangoja magonjwa mawili. Kichwa kikiuma, ni mbwa. Mguu ukichoka, ni sindano. Asubuhi tulikuwa tunakunywa maji kila mmoja anamtazama mwenzake koo, tumesikia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huyaogopa maji, na hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Wiki ya pili kope ikashuka tangu asubuhi. Mume wangu, aliyekuwa amerudi, nikamwona wawili, na mmoja tu alikuwa ananitosha. Daktari akaniita, akanipima nguvu na pumzi, akaniongezea dawa. Nikamuuliza kama ni chanjo. Akasema inawezekana, inawezekana pia ni hofu na kukosa usingizi na joto la mwezi ule, hajui. Akasema dozi iliyobaki tuendelee nayo. Nilitegemea mama ataruka: si niliwaambia! Hakuruka. Alikaa kwenye mswala wake usoni amekauka, akaninyooshea kikombe cha uji akakisogeza mwenyewe mdomoni mwangu. Baada ya siku chache kope ikapanda. Haikupanda yote, ila ilipanda.

Na kila dozi ilikuwa ni ile ile: nianze mie. Nesi wa Tangini, mwanamke mcheshi wa rika langu, alishazoea. Siku ya mwisho alipomaliza kutuchoma wote akatupa bomba kwenye boksi, akamshika mama bega. "Bibi, leo umemaliza, niambie. Kwa nini lazima uanze wewe? Unaogopa ya mwisho ina sumu?"

Mama hakucheka. "Huyu tangu anazaliwa," akasema, "kila dawa niliyompa niliionja mie kwanza. Mwarobaini, kwinini, mizizi ya bibi yake. Ikinikaa vibaya, simpi. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Hata hii, nimeionja."

Nesi akasema lo. Ule muda wote kwenye benchi la Kisarawe, vidole na ulimi, alikuwa ananionjea. Nikamuuliza kile ambacho nilikuwa sijawahi kumuuliza, maana kila nilipojaribu hasira ilikuwa inatangulia.

"Na ule mkono, mama? Masaki. Ulificha wa nini?"

"Si hivyo hivyo." Akashusha mkono wa gauni. "Mbwa mmoja, katuuma wote wawili. Mie mwili umeshachoka, nikajua kama ni kichaa kitanianza mie. Kikinianza, utajua kwamba mbwa yule hakuwa mzima, utakwenda kuchomwa, na radhi ningekuachia. Kisiponianza, basi umepona na sindano haijakugusa. Nilikuwa nangoja nione."

Alikuwa amekaa alasiri ile, na usiku ule, na asubuhi ile ya Alhamisi, mkono ndani ya khanga, anangoja kuona kama atapata kichaa, ili mimi nijue. Na saumu yake ilikuwa kwa sababu hakuwa na mkono wa kulia wa kulia chakula mbele yangu.

Nesi alifungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, kwa sababu daktari alishanieleza: ugonjwa ule haupangi foleni kwa umri. Unatembea kwa mwendo wake ndani ya kila mtu, na kwa vidonge vyangu huenda mimi ndiye ningetangulia. Hata angetangulia yeye, siku ambayo angeonyesha dalili, yeye asingeponyeka tena, na mimi ningekuwa nimeipoteza siku baada ya siku nafasi pekee niliyokuwa nayo. Mama angekufa bure, na pengine mimi nyuma yake.

Mama aliuona mdomo wa nesi. Akanigeukia mimi. "Si ungewahi?" akaniuliza. "Ningeanza mie, si ungewahi?"

Wanaonijua wanajua kwamba mimi sipambi maneno. Kazini wananiita pilipili. Nilimwambia daktari usoni kwamba simwamini, nilimwambia mume wangu kwamba ni mwoga, na mama yangu nilimpigia kelele akiwa na udhu.

"Ningewahi, mama," nikamwambia. "Ungeniokoa."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya benchi. Nesi akafunga mdomo, akaita mgonjwa anayefuata.